Darasa limejaa, walimu je?

Jana nimempeleka mdogo wangu kuandikishwa darasa la kwanza hapa Bagamoyo, aisee foleni ya wazazi imetoka mlangoni kwa mwalimu mkuu mpaka kwenye mwembe. Toka ada ifutwe mpaka fomu foo mwaka 2016, halafu 2022 ikafuata fomu faivu na siksi, watoto wanakuja kweli, hilo silibishi. Ila darasani sasa! Serikali inasema mwalimu mmoja watoto 45, mi nimechungulia dirishani nikahesabu nikaishia 80 na kitu, wengine wamekaa chini, dawati moja wanne, na mwalimu ni yule yule mmoja sauti ishamkauka.

Halafu matokeo ya NECTA, lile baraza la mitihani, yakitoka watu wanaanza ooh walimu wavivu. Kha! Madaftari 80 asahihishe saa ngapi? Na sisi wazazi nasi tuna letu, samaki wakikolea dagoni, kule kambi ya wavuvi, mtoto haonekani shule wiki nzima, ukimuuliza baba yake anakwambia kaenda kusaidia.

Dogo kapata nafasi lakini. Kaambiwa aje na ndoo na fagio.