Singo Bila Harusi

Jumamosi usiku, Unguja

Naandika kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Wa kushoto nimeulaza juu ya mto, umejaa hina mbichi kuanzia kwenye kucha hadi karibu na kiwiko, na nimeapishwa nisiuguse mpaka ikauke na kubanduka yenyewe. Niliomba nipakwe mkono mmoja tu, maana kukaa saa kadhaa bila kushika simu siwezi, na siku hii sikutaka ilale kabla sijaiandika. Mpakaji alinitazama kama mtu aliyeagiza kiatu kimoja dukani. Akapaka.

Umeme umekatika. Harufu ya udi imeganda kwenye nywele na kwenye foronya, na kila nikigeuza shingo inanijia upya. Ngoja nianze na jana.

Nilipanda boti ya saa moja asubuhi pale Dar, saa tatu nikawa Malindi, bandari ya Unguja. Mkobani nilikuwa na orodha. Wenzangu kazini waliniandalia kwa upendo kabisa: sehemu kumi na moja za kula, mbili za kukandwa, moja ya kucha. Mwenyeji wangu, ambaye tulisoma naye chuo, aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwao Ng'ambo, mzigo wangu bado uko chini.

"Hivi vyote vina vibao," akasema, akanirudishia karatasi. Hakuongeza neno.

Nilikuja kumwelewa mchana. Vitu vizuri vya mji huu vingi havina kibao, vina saa. Mkate wa ajemi ni wa alfajiri na wa jioni. Urojo ni wa alasiri. Kahawa inaifuata swala. Nami, mtu wa bara niliyezoea kwamba chipsi mayai hupatikana saa yoyote ile, niliingia Mji Mkongwe Ijumaa saa sita na nusu na njaa yangu. Milango ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Wanaume waliovaa kanzu na kofia walinipita vichochoroni kuelekea msikitini, watoto wao wa kiume wakiwafuata mbio mbio. Palipobaki wazi palikuwa pa watalii, tambi na jibini, kwa bei ambayo ningelazimika kuila tambi ile kwa heshima. Nikakaa kwenye baraza ya nyumba ya mtu nisiyemjua, nikasubiri. Hakuna aliyeniuliza kitu. Zile baraza za mawe zimejengwa ukutani kwa kazi hiyo hiyo.

Urojo niliupata alasiri, kwa mama mwenye meza moja na sufuria mbili. Sisi wa Dar tunauita miksi, na tunauharibu kwa kuumwagia tomato sosi mpaka unakuwa mtamu kama wa kumbembelezea mtoto. Huu ulikuwa mwepesi, wa rangi ya manjano, umekolezwa uchachu wa embe bichi. Ndani mna kiazi cha kuchemsha, bhajia, kachori, nusu ya yai na nyama aliyoichomoa kwenye kijiti cha mshikaki mbele yangu. Juu akanyunyiza chipsi za muhogo zilizoparwa nyembamba kama karatasi, akaweka chatne ya nazi, akauliza pilipili kiasi gani, na kabla sijajibu akawa ameshatia.

Kosa langu lilikuwa simu. Nikainua bakuli kwenye mwanga, nikapiga picha, nikazunguka upande wa pili, nikapiga nyingine. Yule mama akavumilia mbili. Ya tatu akaniuliza, "Dada, unaupiga picha au unaula?" Nilipotia kijiko, chipsi za muhogo zilikuwa zimeshalainika. Ndiyo siri ya urojo, nadhani: kijiko cha kwanza kinalia kinywani, cha tano hakilii tena, na mtu anayejua anaufaidi huo mpito wenyewe. Mimi nilianzia kijiko cha tano. Nikaagiza bakuli la pili, safari hii simu ikiwa mkobani, na lile sitalisimulia.

Kutoka hapo nikaenda Jaws Corner, ile njia panda ya wanywa kahawa ambako barazani watu wanacheza dhumna na bao na kubishana mpira na siasa, tena hivyo viwili kwa sauti ile ile. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Nilitaka kupita kama mtu anayeenda mahali pengine, lakini muuza kahawa, dele lake la shaba likiwa juu ya makaa, aliniona namna nilivyopunguza mwendo, akanimiminia kikombe bila kuuliza. Kahawa chungu, kikombe kidogo kisicho na mkono, unakishika kwa ncha za vidole na kinakuunguza kidogo. Nikatafuna kipande cha kashata ya karanga, nikanywa, nikatafuna. Niliona kahawa yenye maziwa na povu ninayoinunua Masaki kila Jumatatu kama maji ya kuoshea chombo hiki.

Mzee mmoja akanisogezea nafasi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akauliza, "Mgeni wa nani?"

Hakuuliza ninatoka wapi wala ninafanya kazi gani. Nikamtajia jina la ukoo wa mwenyeji wangu na mtaa wao. Akafikiri kidogo, akasema aliwahi kucheza dhumna na babu yake, na kwamba marehemu alikuwa hodari wa kuiba. Basi nikawa nimefahamika, na mazungumzo yao yakaendelea juu ya kichwa changu kama nilikuwepo pale tangu jana.

Usiku tukaenda Forodhani, kwa sababu ukifika Unguja usipokwenda Forodhani watu wa kwenu watakudai maelezo. Taa, moshi, vijana wenye kofia ndefu nyeupe za wapishi wakiita wapita njia kwa lugha tano. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni nzuri, siwezi kusema uongo. Ile pizza ya Zanzibar kwangu mimi ni mantabali, ile chapati ya kufungia nyama na mayai, iliyobadilishiwa jina ili ipate pasipoti. Mishikaki ya samaki nilionja mmoja. Ulikuwa mkavu wa kupashwa mara nyingi, nikaachia hapo. Nilichokipenda zaidi hakiuzwi: ukuta wa kukalia, upepo wa bahari mgongoni, na Beit el Ajaib mbele yako, lile jengo la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Nilikuwa na picha yake ya utotoni, ya safari ya shule. Sikujua kwamba jengo nalo linaweza kuonekana kama mtu aliyeng'olewa jino.

Leo sasa.

Asubuhi niliingia saluni, nikaoshwa nywele, nikatoka. Hakuna la kuandika.

Halafu nikaenda Hamamni, nikiwa na saa mbili za kupoteza kabla ya miadi yangu. Ni bafu za Kiajemi zilizojengwa enzi za Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na mtaa mzima umechukua jina lake kwenye bafu hizo. Watu wa mji walikuja hapa kuoga maji ya moto na ya baridi, kunyolewa, kukaa kwenye mvuke na kupiga soga. Sasa hakuna tone. Unalipa kiingilio, unaonyeshwa birika kavu. Nilikaa ukingoni mwa birika moja, miguu ikining'inia mahali palipokuwa na maji, mwanga ukishuka kutoka matundu ya darini. Mtalii mmoja aliniomba nisogee ili apate picha isiyo na mtu. Nikasogea. Nilifikiri jinsi ilivyo ajabu kwamba nimekuja kuangalia bafu lisiloogesha, na baada ya saa moja nakwenda kusuguliwa kwenye chumba cha uani ambacho hakuna kitabu cha wageni kitakachokitaja.

Kwa bi mkubwa wa singo, yaani wa kumsugua bi harusi kwa unga wa maua na viungo, tulipelekwa na shangazi wa mwenyeji wangu, maana watu wa namna hii huwafikii ila kwa kupelekwa. Chumba cha sakafu ya saruji, mkeka, beseni, kinu kidogo, pazia la kanga. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Harusi lini?"

"Hakuna harusi."

"Ya mdogo wako?"

"Hakuna, bi mkubwa."

Akamgeukia mwenyeji wangu. Mwenyeji wangu akaiangalia dari.

"Basi nani anakungoja?"

"Kazini wananingoja. Jumatatu naripoti."

Akacheka mpaka akajifuta macho na ncha ya mtandio. "Haya. Vua, jifunge kanga, ulale. Tukuandae kwa ajili ya bosi."

Singo yenyewe ilikuwa imeshatwangwa: asumini, waridi, mlangilangi, rihani, karafuu, liwa, na mengine aliyoyataja kwa haraka nikashindwa kuyashika. Aliilowesha kwa marashi kiganjani, akaanza na mguu. Wale waliokandwa hotelini kwa muziki wa filimbi wasifikirie kitu hicho. Hii inasugua. Inapita kwenye ngozi kama mchanga laini, inakauka, na inapodondoka inaondoka na nongo. Vijinyuzi vyeusi vikawa vinaanguka mkekani, akakiokota kimoja, akaniletea machoni. "Unaiona? Hii ya Dar hii."

Akiwa kazini alizungumza. Alisema zamani mwari aliwekwa ndani siku saba, singo kila siku, hatoki nje wala jua halimwoni, na kungwi yuko naye anamfunza. Siku hizi bi harusi anapiga simu Jumatano, anataka ang'ae Ijumaa. "Wanaiambia ngozi iharakishe. Ngozi inasikia?"

Nami nikamweleza ya kwangu, sijui kwa nini. Kwamba niliolewa miaka kumi na mbili iliyopita Dar, ukumbi wa watu mia nne, mekapu ya saa tatu, kope za bandia zilizokuwa zinaniwasha mpaka keki ikakatwa. Hakuna aliyenisinga. Mama alikuwa ameshatangulia, na mashangazi walikuwa na kamati. Ndoa yenyewe imekwisha mwaka wa tatu huu. Hakusema pole. Alinigeuza kifudifudi, akaanza mgongo, na hapo nikakumbuka kwamba mtu wa mwisho kunisugua mgongo alikuwa mama, mimi nimesimama ndani ya beseni la bati, nina miaka kama minane, nikilalamika kwamba dodoki linauma. Nililala vile vile kifudifudi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bi mkubwa aliendelea kusugua mahali ambapo nafikiri palikuwa pameshatakata.

Baadaye akaniketisha kwenye kigoda, chetezo chini yake, kanga kubwa mbili zikanizunguka kama hema, moshi wa udi ukapanda. Macho yalinichonyota. "Vumilia. Udi hauingii kwa anayekimbia."

Mpakaji wa hina alikuwa mkwewe. Kabla hajaanza nikamwambia sitaki piko, nikamwonyesha kovu kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mwaka jana saluni moja ya Dar, siitaji, ilinichora ua jeusi kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Usiku nikawashwa, siku ya tatu malengelenge yakafura kwa kufuata mchoro, jani kwa jani. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba ile ni rangi ya nywele, ina kemikali inayoitwa parafenilenidiamini, na kwamba hina ya majani haiwi nyeusi hata siku moja: inatoka na rangi ya chungwa, kisha inaiva ndani ya siku moja mbili mpaka hudhurungi. Ukiahidiwa weusi wa dakika thelathini, jua umeshika kitu kingine. Bi mkubwa alilitazama lile kovu, akafyonya. "Walikuchora au walikupiga pasi?"

Kwenye malipo nilitoa tulichopatana. Akahesabu, akabakisha mkono wazi. "Hii ya singo. Ya kukusikiliza je?" Nikaongeza.

Umeme umerudi. Hina imeanza kupasuka kwenye vidole.

Jumapili, ndani ya boti

Asubuhi tulipita Darajani. Mwenyeji wangu alinichagulia ubuyu, ule mwekundu wenye iliki na pilipili manga, pakiti sita za kazini na moja ya njiani. Ya njiani imekwisha kabla hatujaiacha Malindi, nikafungua ya mhasibu. Orodha ya sehemu kumi na moja nimeikuta chini ya mkoba, imelowa mafuta ya mkate.

Hina imetoka rangi ya chungwa kali. Mama aliyeketi pembeni yangu, mkubwa kwangu kiasi, amekuwa akivuta pumzi kwa pua muda wote kama mtu anayetafuta jiko linakopikiwa. Mwishowe ameniinamia.

"Hongera, bi harusi. Udi huo si wa kawaida."

"Ahsante, mama." Nimemsogezea pakiti.

Amechukua punje mbili, ametazama mkono wangu wa kushoto, kisha akatafuta wa kulia. "Mbona wamekupaka mmoja?"

Nimeunyanyua wa kulia nimwonyeshe. Vidole vitatu vyekundu hadi kwenye kucha.

"Na huu nani kakupaka?"

"Huo ubuyu, mama."