Nilivyoacha kudanganyika na mechi za mwanzo wa msimu wa NBA

Naishi Dar, Tabata, na kwa sisi wa huku NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, ni kitu cha usiku wa manane. Oktoba msimu ukianza, mechi ya saa moja jioni kule mashariki ya Marekani kwetu ni saa nane usiku, ikifika Novemba wenzetu wanarudisha saa zao nyuma basi inakuwa saa tisa, na mechi za Los Angeles ndo kabisa, unazipata alfajiri wakati mtu unatakiwa kuoga uwahi daladala. Bando la usiku lipo, ila usingizi haununuliwi. Kwahiyo mtu wa huku hawezi kuangalia kila mechi, lazima achague, na kwa miaka mingi mimi nilikuwa nachagua vibaya manake nilikuwa naamini kila nilichokiona wiki mbili za kwanza.

Mfano 2023. Detroit Pistons walianza kwa kushinda mechi mbili kati ya tatu, nikawatangazia watu wote kazini kwamba hawa vijana wamekomaa. Baada ya hapo wakafungwa mechi 28 mfululizo, ishirini na nane jamani, wakamaliza msimu na ushindi 14 na vipigo 68. Kile kitu kiliniumiza kweli, nikajiuliza mimi nilikuwa naangalia nini hasa zile usiku zote?

Sasa timu yangu mwenyewe ni Indiana Pacers. Marehemu kaka yangu alinunua jezi ya mtumba pale Karume, namba 31 ya Reggie Miller, imepauka mpaka ile njano imekuwa kama maziwa, akaniachia, na ndo sababu yangu, sina nyingine. Msimu wa 2024/25 ulivyoanza nikasema mwaka huu sikisii, naangalia kwa makini na naandika. Nikanunua daftari la kawaida la shule.

Mwanzo ulikuwa mbaya jamani. Mechi ya kwanza kabisa tukashinda Detroit ila James Wiseman akakatika kano ya kisigino, siku chache mbele Isaiah Jackson naye kano hiyohiyo, yaani senta wawili wa akiba, wale warefu wa kucheza chini ya ringi, wameondoka kabla Novemba haijaisha wiki ya kwanza. Mechi ya pili kule New York, Tyrese Haliburton ambaye ndo injini ya timu hakupata hata pointi moja, katupa mara nane hakuna iliyoingia, tukapigwa 123 kwa 98. Nakumbuka nimekaa sebuleni giza, hedifoni moja sikioni ili nisiamshe watoto, roho imeniuma mpaka nikataka kuzima simu.

Sikuzima. Nikaanza kuhesabu kitu kimoja tu, tukifungwa kikapu inachukua sekunde ngapi mpira kuokotwa chini ya ringi mpaka uvuke mstari wa kati. Sheria inakupa sekunde nane. Hawa wangu mara nyingi ilikuwa tatu, nne, hata wakiwa nyuma kwa pointi ishirini! Pascal Siakam, yule Mkameruni, mpira haujatua chini vizuri yeye ameshaanza kukimbia upande wa pili. Nikaandika kwenye daftari: miguu ipo, mipira haiingii. Haliburton alikuwa ametoka kuumia paja kwenye mchujo, zile mechi za mtoano za mwisho wa msimu, mwaka uliopita, na Andrew Nembhard na Aaron Nesmith nao wakaumia mapema, sasa timu ya mbio ikikosa watu wa kupokezana unategemea nini?

Hapo ndo nilipoelewa kitu ambacho sikuizi namwambia kila mtu. Mwanzo wa msimu, kuingia kwa mpira ni kitu cha kigeugeu sana, hasa ule wa pointi tatu unaotupwa kutoka mbali, leo unaingia kesho unagoma, mechi kumi ni chache mno kukuonyesha ukweli. Ila namna timu inavyotafuta mtupo, nani anakimbia, nani anarudi kukaba, mpira unapita mikono mingapi kabla haujatupwa, hivyo vinabaki vilevile na ndo vya kuangalia. Angalia Boston usiku wa kwanza wa msimu huohuo, walikuwa wanapewa pete za ubingwa, wakatupa mipira 61 ya pointi tatu zikaingia 29 na kufikia rekodi ya ligi, New York wakapigwa 132 kwa 109. Watu wote siku ile walisema ligi imeisha. Mimi niliandika ile 61, ile 29 nikaiacha kwanza, manake siku ambayo haziingii watatupa hivyohivyo. Mei wakakutana tena na New York haohao kwenye mchujo, mechi ya kwanza wakatupa 60 zikaingia 15, wakaipoteza wakati walikuwa wanaongoza kwa pointi 20, na mwisho wakatolewa kwa mechi 4 kwa 2, manake kwenye mchujo anayetangulia kushinda mechi nne ndo anapita.

Sasa kuna shemeji yangu, mume wa dada, yeye ni Cleveland tangu enzi za LeBron. Mwaka ule Cleveland chini ya kocha mpya Kenny Atkinson walianza na ushindi 15 bila kipigo. Kila asubuhi simu: "Shem, umeona?" Nimeona shem. Na sikumbishia, manake walikuwa wazuri kweli, mpira unazunguka, benchi lao linaingia na kasi haishuki, wakamaliza na ushindi 64. Kipigo chao cha kwanza ni kule Boston, 120 kwa 117. Wakati huo sisi tulikuwa tunasuasua, tukafika mpaka ushindi 10 vipigo 15, na shemeji akawa ananionea huruma, huruma ambayo ilikuwa inaniuma kuliko utani. Nikamwambia shem, hawa wakipona miguu yote tutaonana, akacheka akasema wewe unaipenda ile jezi ya kaka yako tu.

Wakapona. Tukamaliza na ushindi 50 vipigo 32. Raundi ya pili ya mchujo tukapangiwa nani? Cleveland. Mechi ya pili Haliburton katupa ile ya pointi tatu imebaki sekunde moja na kidogo, 120 kwa 119, nilipiga kelele mama watoto akadhani kuna mwizi. Ni kweli wao walikuwa na majeruhi, hilo lazima lisemwe, lakini mechi ya nne mapumziko tulikuwa 80 kwa 39, na ukiangalia ilikuwa ni zile mbio zilezile za sekunde tatu nilizoziandika Oktoba. Tukashinda 4 kwa 1, tukafika mpaka mechi ya saba ya fainali na Oklahoma City, na huko Haliburton akakatika kano ya kisigino kota ya kwanza, tukapoteza 103 kwa 91. Siwezi kuielezea ile asubuhi, nilienda kazini sijaongea na mtu.

Oktoba 2025 shemeji kaja nyumbani kakuta tunafungwa, akaniuliza kwa upole, "Shem, hawa nao watapona kama mwaka jana?" Nikafungua daftari jipya nikamuonyesha. Haliburton nje msimu mzima, Myles Turner kahamia Milwaukee, na sekunde zangu zilizokuwa tatu zimekuwa tano, sita. Nikamwambia hapana shem, safari hii wanafungwa kweli. Akakaa, tukaangalia mpaka kota ya nne ikaisha.