Mafuta yanavukaje maji? Nilivyofundisha otofajia kidato cha sita

Nafundisha baiolojia hapa Mwanza. Kwamba seli ya mmea humeng'enya sehemu zake zilizochakaa, wanafunzi walilipokea bila shida, hasa nilipowatajia Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuchunguza umeng'enyaji huo, yaani otofajia, kwenye hamira. Na kila aliyekulia shambani ameshaona mmea wenye njaa ya naitrojeni ukiyaacha majani ya chini yageuke manjano ili machipukizi yapate chakula.

Kisha binti mmoja akauliza: mfuko unaozoa hayo masalia na kuyapeleka kwenye vakuoli, chumba cha seli cha kumeng'enyea, unatoka wapi?

Swali hilo nalipenda mpaka leo. Mfuko huo, otofagosomu, una tando mbili, na hujengwa upya kila unapohitajika. Utando umejengwa kwa lipidi, yaani mafuta, na ndani ya seli kumejaa maji. Mafuta yanavukaje?

Nikawaambia wakumbuke mwalo wa Kirumba. Mitumbwi miwili ikikaa ubavu kwa ubavu, mzigo hupokezanwa mkono kwa mkono bila kugusa maji. Ndani ya seli, retikulamu ya endoplazimu, yaani mtandao wa tando uliotandaa ndani ya seli, husogelea utando mwingine hadi zitenganishwe na nanomita 10 hadi 30 hivi tu, lakini haziungani; hapo ndipo lipidi hupokezanwa. Hapo protini ndizo zinazoshikilia. VAP27 imejikita kwenye retikulamu. ORP2A huishika VAP27, huku ikishikana pia na ATG8 iliyo kwenye mfuko unaojengwa.

Nikachukua chaki za rangi mbili, nikaanza kuchora miguso, yaani sehemu hizo tando zinapokaribiana, kabla ya kitu kingine chochote. Michoro mingi ya seli huonyesha kila kiungo kikielea peke yake, nami nashikilia kwamba mchoro wa namna hiyo unamnyima mwanafunzi jambo kubwa, kwa sababu mguso wenyewe ni sehemu ya udhibiti wa otofajia. Kwenye Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabara, protini za AtEH/Pan1 husaidia kuunda otofagosomu pale retikulamu inapokutana na utando wa nje wa seli. Zikipungua, mmea hushindwa kustahimili upungufu wa virutubisho.

Darasa likaelewa, kisha likadai zaidi. Tukahamia kwenye mitokondria, viungo vya seli vinavyozalisha nishati: huko VAP27 ileile hushikana na protini za TraB, na mguso huo husaidia kuondoa mitokondria zilizoharibika.