Jinsi nilivyolimaliza povu la mpira wa ramli, na kuufundisha Kiswahili

"Jaza maji, ziba, basi." Ushauri huo nilipewa na zaidi ya mtu mmoja, na ndio ulionipotezea mwezi. Mpira wa ramli ni kichezeo (kwa Kiingereza Magic 8 Ball): unakiuliza swali la ndiyo au hapana, unakigeuza, na jibu linatokea kidirishani. Wangu, mweusi wenye kidirisha, si ule halisi wa Kimarekani. Ni wa kuigiza, wa bei ya sahani ya chipsi hivi. Majimaji yake yalikuwa yamepungua: ukiugeuza unaona povu, na nyuma ya povu nusu ya neno la Kiingereza.

Ndani hamna uganga. Kuna kopo la plastiki lenye majimaji ya buluu, na ndani ya kopo dadu ya pande 20, kila upande pembetatu yenye jibu. Kidirisha kikigeuzwa juu, dadu inapanda na kulaza upande mmoja kwenye kioo. Herufi zimeinuka kidogo, kwa hiyo ndizo zinazogusa kioo, na rangi inaficha vingine vyote.

Maji matupu yalifanya hivi: dadu ilichomoka kama kizibo, ikagonga kioo na kusimama kwa pembe. Viputo viling'ang'ania kingo zake. Baada ya wiki kadhaa ukatanda ukungu. Basi nikaruka upande wa pili, nikamimina spiriti tupu, na dadu ikazama moja kwa moja. Spiriti ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kazi yote ni kutafuta mchanganyiko ambao dadu *yako* inapanda bila haraka. Ipime kwenye glasi: ikichukua sekunde mbili au tatu kutoka chini hadi juu, umefika. Ikifyatuka, ongeza spiriti. Ikisitasita, ongeza maji. Yangu ilitulia kwenye sehemu mbili za maji kwa moja ya spiriti ya asilimia 70. Maji yachemshwe kwanza, yapoe, ili hewa iliyomo itoke. Na ukishachanganya usijaze siku hiyohiyo, maana maji na spiriti vikikutana hutema viputo vidogo vidogo. Acha vilale usiku, chombo kimefunikwa, mbali na moto. Rangi ya chakula ya buluu inatosha. Ongeza mpaka kidole kilichozama sentimita moja kisionekane.

Herufi zilinitesa. Nilisugua Kiingereza chote kwa msasa, nikaandika kwa rangi nyeupe ya kucha. Ilipendeza siku mbili, kisha spiriti ikaibandua, na vipande vya "Hapana" vikawa vinaelea peke yao. Kilichoshika ni gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, niliyoitia unga wa chaki na kuichora kwa ncha ya sindano, unene wa milimita moja hivi. Fanya pande chache kwa siku, ikauke, ndipo ugeuze.

Kiswahili nacho kina mambo yake. "Haitawezekana" haiingii kwenye pembetatu hata uibembeleze. Maneno mafupi ndiyo yanayofaa: Naam, Hakika, Kabisa, Bado, Subiri, Wapi!, Thubutu. Mpira wa asili una majibu 10 ya kukubali, 5 ya kukataa na 5 ya kati, nami nikaufuata mgawo huo. "Inshallah" nimeiweka kwenye yale matano ya kati, na atakayebisha amuulize fundi wake kazi itakwisha lini.

Hapo ndipo dadu ilipoanza upendeleo. Kila nikigeuza, "Naam", "Bado", "Naam". Sababu ni uzito: neno refu limekula gundi nyingi, upande wake unazama, na upande wa pili yake ndio unaokuja kidirishani. Kwenye dadu hii kila upande una mwenzake unaotazamana nao, jozi 10 kamili. Nikafuta, nikaandika upya: neno refu litazamane na refu, fupi na fupi. Upendeleo ukaisha. Ujanja huu sikufundishwa na mtu, na najivunia.

Sasa povu. Mpira wa asili ulitokana na kifaa cha Albert Carter wa Cincinnati, Marekani, ambaye mama yake alikuwa mtu wa kuagua. Abe Bookman akakiendeleza, na umbo la mpira wa biliadi namba 8 likaja mwaka 1950, kwa agizo la kampuni ya Brunswick. Viputo viliusumbua mpaka 1975, kampuni ya Ideal ilipotia ndani faneli iliyopinduliwa. Nikaiga kwa shingo ya chupa ya maji ya nusu lita, iliyokatwa pale bega linapolingana na upana wa kopo.

Mara ya kwanza niliiweka shingo ikitazama kidirisha. Nikawa nimejenga mtambo wa kukusanya hewa yote na kuifikisha kwenye kioo. Iwe kinyume: mdomo mpana kuelekea kidirisha, shingo kuelekea nyuma, isiguse ukuta wa nyuma bali iache kama sentimita moja. Kidirisha kikiwa chini, hewa inapanda, inapita shingoni na kuingia chumba cha nyuma. Ukigeuza, inajaribu kurudi juu lakini inanasa chini ya bega, kandokando ya shingo. Ukingo mpana uzibwe pande zote. Mwanya wa unywele tu unaharibu kila kitu. Plastiki ya chupa ni telezi, ikwaruze kwa msasa kabla ya gundi. Hakikisha pia dadu haipiti shingoni.

Nilijaza kwa bomba la sindano la mililita 20 kupitia tundu la nyuma, nikitikisa na kungoja, nikitikisa na kungoja. Karibu na kidirisha usitumie supaglu: mvuke wake uliacha ukungu mweupe kwenye kioo changu, na nusu saa ya kusugua kwa dawa ya meno iliutoa sehemu tu. Ziba tundu kwa kipande cha mpira na ile gundi ya chaki.

Ukiuweka kabatini, kidirisha kilale chini. Ukilala ubavu siku nyingi kiputo kimoja hutoroka, na itabidi uushike kidirisha chini sekunde kumi kabla ya kuuliza.