Macho yamefunguka

Leo asubuhi mwanangu kaamka, macho yote mawili yamefunguka vizuri.
Nimelia.

Ana ugonjwa wa figo, ule wa kupoteza protini kwenye mkojo. Mwili unavimba: asubuhi uso, jioni miguu.

Daktari alimwandikia prednisoloni pamoja na Lasix. Nikauliza, kwa nini zote mbili? Akanieleza kwamba Lasix inatoa maji kwa njia ya mkojo, lakini haigusi chanzo. Prednisoloni ndiyo inayozuia protini isivuje, ila inachukua siku nyingi, hata wiki, kuonyesha kazi yake.

Leo nimembonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu. Wiki iliyopita shimo lilikuwa linabaki, unalitazama likijaa taratibu.
Leo ngozi imerudi palepale.
Nikabonyeza tena, na tena, mpaka akasema, "Mama, basi!"

Damu bado tunapima, maana dawa hizi mbili zikiwa pamoja hushusha potasiamu, madini muhimu ya mwili. Na prednisoloni haikatizwi ghafla jamani, hata mtoto akionekana amepona.

Wazazi mliopitia haya, ile njaa inayoletwa na prednisoloni mnaitulizaje bila chumvi? Mnapika nini? Niandikieni.