Mission, San Francisco: kabla hujasaini fedha za kuhama

Katika mtaa wa Mission, familia nyingi za Kilatino huondoka kimyakimya: mwenye nyumba hutoa fedha, mpangaji husaini, basi. Jengo la kabla ya Juni 1979 kwa kawaida lina udhibiti wa kodi ya pango. Nyongeza ya mwaka haipiti asilimia 7. Ila sheria ya jimbo la California ya 1995 inamruhusu mwenye nyumba kupanga kodi upya mpangaji akihama kwa hiari. Tamaa yote iko hapo.

Usisaini siku hiyohiyo. Kabla ya mazungumzo, mwenye nyumba anatakiwa akupe fomu ya haki zako na awasilishe tamko Bodi ya Kodi, ofisi ya jiji inayosimamia kodi za pango. Ukishasaini, una siku 45 za kubatilisha, kwa maandishi.

Mwenye nyumba akitumia Ellis Act, sheria ya jimbo ya 1985, kuliondoa jengo lote kwenye upangishaji, notisi ya kuhama ni siku 120. Mwenye miaka 62 na kuendelea, au mwenye ulemavu, aliyeishi humo angalau mwaka mmoja, anaweza kudai notisi ya mwaka mzima. Dai liandikwe ndani ya siku 60. Inauma sana mzee kupoteza miezi minane kwa barua iliyochelewa! Hadhi ya Calle 24, sehemu ya Mission, kama eneo la utamaduni wa Kilatino, tangu 2014, haisimamishi notisi hizo.