Siku moja maishani mwangu: mhesabu viluwiluwi vya mbu, Mombasa

Saa 10:40 alfajiri

Naamka kabla ya adhana. Huu ni mwezi wa Februari, kaskazi inapuliza lakini chumba kimelala na joto lake la jana. Maji ya bomba huku kwetu Mtongwe huja yakipenda, kwa hivyo kazi ya kwanza ni kufunua pipa, kuchota, kufunika. Mume wangu husema nafunika pipa kama mtu anayefunika biriani ya wageni. Na aseme. Yeye hakuugua chikungunya, homa ya mbu, mimi niliugua.

Ilikuwa mwisho wa 2017. Niliamka siku moja nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya mafuta. Vidole vimekakamaa, magoti yamewaka, ngazi za ghorofa moja nazipanda kwa makalio kama mtoto. Mtaani tukasema malaria, tukanunua dawa ya malaria. Sampuli za kwanza za mlipuko ule zilipelekwa Nairobi, maabara ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na majibu yalipofika Januari 2018 ikawa chikungunya na dengi, homa nyingine ya mbu, vyote viwili mjini kwa wakati mmoja. Kufikia tarehe 3 Februari, Mombasa ilikuwa imeripoti watu 453, na kati yao 32 ndio waliothibitishwa na maabara. Mimi simo katika hao 453. Sikwenda hospitali, nililala nikikandwa na mama. Ndiyo maana kila nikisoma takwimu ya ugonjwa hujiuliza wangapi walilala nyumbani wakikandwa.

Saa 12 asubuhi

Feri ya Likoni. Hakuna jipya la kusema kuhusu feri ambalo mtu wa Mombasa halijui. Meli ya makontena inaingia Kilindini, tunasubiri ipite. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, meli kama ile hubeba cheti cha ukaguzi wa afya kinachodumu miezi sita. Mwambao huu unajua vizuri kwa nini. Mwaka 1823 na tena 1870 Zanzibar ilipigwa na homa ambayo watu waliiita kidingapopo, na wako wataalamu wanaosema neno la Kizungu "dengue", yaani dengi, limetokana na letu. Chikungunya nayo jina lake ni la Kimakonde, kujikunja, kutoka kusini mwa Tanganyika ilipotambuliwa mwaka 1952. Majina tumetoa sisi. Pesa za kuyatafiti ndizo zinazotoka mbali.

Saa 1:30 asubuhi

Nafika maabara yetu, na kabla ya chai nasoma friza. Mlangoni kuna kijidude kinachoonyesha joto la ndani, na pembeni daftari limefungwa kwa kamba. Leo -79. Naandika, natia sahihi. Humo ndani mna damu ya wagonjwa wa homa na mbu waliosagwa, miaka kadhaa ya vichupa vidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kirusi kipya kikitokea kesho, humu ndimo pa kutazama kama kweli ni kipya au kilikuwa nasi muda wote. Vikiyeyuka, vinakuwa maji ya kumwaga.

Mahamri mawili na mbaazi, kisha tuktuk hadi Buxton na matatu ya Kisauni.

Saa 2:15 hadi saa 5 asubuhi

Tulikuwa sita wa kwenda nyumba kwa nyumba, tumebaki wawili. Mfadhili wetu wa ng'ambo alimaliza muda wake na hakurudi. Si yule mnayemdhania: Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, miradi mingi nchini ilifunga milango wiki ile ile, lakini wetu ulikuwa umeshaanza kufa kifo chake polepole, wa mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Magogoni, nyumba ishirini. Mwenzangu ni mhudumu wa afya wa mtaa huu, na bila yeye nisingefunguliwa hata lango moja.

"Hodi!"

"Karibu. Ah, umekuja tena na tochi yako."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hao mbu wenu hamjawapata tu?"

"Nikiwapata utalia, bibi."

"Basi kaa usiwapate. Pita, lakini usinimwagie maji, mtungi wa mkokoteni leo wameuza bei ya soda."

Pipa la buluu, ndoo mbili, vibati vya maua, birika la kuku. Namulika. Viluwiluwi vya Aedes, huyu mbu wa madoa meupe anayeuma mchana, huning'inia kichwa chini, na kivuli chako kikipita tu hupiga mbizi wote kwa pamoja. Lazima usimame upande ambao kivuli hakiangukii majini, usubiri, halafu uchote kwa mkono mwepesi. Namulika, nasubiri. Hakuna. Naandika 0.

Nyumba ya pili 0. Ya tatu 0. Jua hili limekausha kila kitu, na bei ya maji imewafanya watu wafunike vyombo vyao kuliko warsha yoyote tuliyowahi kufanya.

Nyumba ya kumi na moja, nyuma ya choo, mna mtungi wa udongo uliovunjika, mkavu kama jivu. Kwa fomu yetu, chombo kikavu hakihesabiwi. Lakini nimeinama, na kwenye ukuta wa ndani, pale maji yalipoishia mara ya mwisho, naona mstari mweusi mwembamba, kama mtu aliyepaka pilipili manga kwa kidole. Mayai. Huyu mbu hatagi majini, hutaga juu kidogo ya maji, na mayai yake hustahimili ukavu miezi. Mvua ya kwanza ya masika ikijaza mtungi, kwa siku saba hadi kumi hivi wanaruka. Ndiyo maana kumwaga maji pekee hakutoshi, chombo lazima kisuguliwe.

Nimemwomba mwenye nyumba kipande cha ule mtungi, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, mengine tukayasugua. Safu ya mayai kwenye fomu haipo. Nimeandika 0, na pembeni kwa kalamu nyekundu: mayai, mengi.

Saa 6:30 mchana

Wali wa nazi na dagaa, fomu mezani. Niwaeleze jambo moja la fomu hii, kwa sababu ndilo ninalogombana nalo kila mara. Kwenye kila nyumba unaandika namba au kistari. 0 maana yake tulikwenda, tukamulika, hakuna kitu. Kistari maana yake hatukwenda. Kutokana na namba hizo tunapata kipimo cha Breteau, yaani vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba mia, na kikianza kupanda kabla ya mvua unajua pa kukimbilia.

Mwaka jana tuna wiki sita za vistari. Nauli ilikwisha. Kwenye grafu iliyochorwa kule juu, vistari vyote vimegeuzwa kuwa sifuri ili mstari usikatike. Unapendeza, umenyooka chini kabisa, na mtu anayeutazama anaona mji usio na mbu.

Saa 8 mchana

Kikao cha wenye mkoba. Sitataja ni ofisi gani. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mipango inapikwa sasa, Februari, wakati mji umekauka na hakuna anayeugua. Ukija na maombi Mei, mvua inanyesha na zahanati zimejaa, unaambiwa bajeti imeshafungwa.

Tumeomba vitu vitatu: nauli za watu wanne, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na dizeli ya jenereta. Afisa ni mtu muungwana, amesoma karatasi yote.

"Dada, hizi namba zenu zote ni sifuri."

"Ndiyo, bwana."

"Sasa kama hakuna kitu, tunalipia nini?"

Mkuu wangu alianza na sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka serikali itenge asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na hatujafika hapo mwaka wowote. Akaongeza Abuja, 2001, marais wa Afrika walivyoahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya. Afisa akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza hotuba ya harusi. Mimi nikatoa kigae changu kwenye mfuko, nikakiweka juu ya karatasi zake, nikawasha tochi.

"Hii nini?"

"Iguse."

Akaigusa. "Masizi."

"Ni mbu. Wanangoja mvua."

Akaufuta mkono kwa leso haraka. Kikao kikachangamka dakika kumi. Mwishowe tumeahidiwa kwamba mashine mpya ya PCR, ile ya kutambua virusi kwenye sampuli, itafikiriwa, kwa sababu mashine huzinduliwa, hukatiwa utepe, ina picha. Nauli, watatazama. Dizeli hapana, haina kifungu.

Mashine ya PCR tunayo. Inafanya kazi. Vitendanishi vyake ndivyo vilivyopitwa na tarehe Novemba.

Saa 10 jioni

Kuingiza data. Sampuli nne zimeletwa kutoka zahanati, watu wenye homa ambao kipimo cha malaria kimesema hapana. Nawapigia wahudumu kuwakumbusha: mpaka tujue si dengi, mgonjwa apewe parasetamoli, si aspirini, maana dengi inaweza kuleta kutokwa damu. Vichupa vinne ndani ya friza, vingoje navyo.

Kigae nimekitia kwenye beseni la maji juu ya meza, nimekifunika kwa chandarua na kukizungushia mpira. Nimeandika tarehe. Tukijaliwa kesho kutwa patakuwa na vya kuhesabu.

Saa 12:30 jioni

Feri tena. Nimenunua mishikaki ya watoto.

Saa 3:20 usiku

Stima imepotea mji mzima, Likoni giza, ng'ambo giza. Nampigia mzee wa lindo. Nimemwachia tochi yangu, na lita ishirini za dizeli tulizochangishana.

"Mzee wangu, shikamoo. Jenereta?"

"Marahaba. Limewaka, lakini lakohoa."

"Nisomee ile namba ya mlangoni."

"Ngoja." Nasikia viatu, nasikia jenereta likikohoa kweli. "Sabini na moja."

"Mbele yake kuna kistari?"

"Kistari gani tena?"

"Kile kidogo, mzee. Cha chini ya sifuri. Tazama vizuri."

Kimya. Pumzi zake tu.

"Kipo," akasema. "Kidogo hivi. Kipo."

"Kiandike kwenye daftari, mzee wangu. Namba na kistari chake."